Neti Juu ya Miche: Kwa Nini Kijiji Kinachojua Kila Kitu Bado Kinaugua

Miche ya sukuma wiki ilikuwa imefunikwa kwa neti ya buluu, imevutwa kwa vijiti vinne kama hema la watoto. Hapa ni uwanda wa Kano, nje kidogo ya Ahero, na mwenye miche ni bibi wa miaka sitini na ushei, dani kama tunavyowaita bibi kwa Kijaluo, anayelima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji na mboga nyuma ya nyumba. Nakiri kwamba nilipoiona ile neti, kichwa cha habari kilishajiandika chenyewe: wananchi watumia vibaya neti za serikali. Waandishi wengi wa huku Kisumu wameshawahi kuandika habari hiyo, mimi mwenyewe mara mbili.

"Dani, hii si neti ya kulalia?"

"Ilikuwa. Ishike uone."

Nikaishika. Mkono ulipenya tundu la kwanza hadi kwenye kiwiko, na matundu yalikuwa mengi. Neti za dawa hutengenezwa zidumu miaka mitatu hivi, na hii ilikuwa imeshapita umri wake. Sasa ilikuwa na kazi ya kuwazuia kuku wasichakure miche.

"Mpya ziko ndani, mwanangu. Mbili." Moja ilikuwa imening'inia juu ya kitanda anacholala na mjukuu wake wa kike wa miaka mitatu. Ya pili ilikuwa juu ya kabati, bado imo kwenye mfuko wake. Hiyo ni ya wajukuu wawili wa kiume wanaolala kwenye simba, kile kibanda cha vijana kinachojengwa karibu na lango la boma. "Utaifunga wapi? Wanatandika godoro chini, asubuhi wanalikunja. Na ukuta wa udongo haushiki msumari."

Nikamjaribu kidogo, kama mwalimu wa darasa la nne. Malaria huletwa na nini? Mbu. Mbu yupi? Wa kike, wa usiku. Huzaliana wapi? Kwenye maji yaliyotuama. Mtoto akipata joto kali? Umpeleke apimwe, usikimbilie dukani kununua vidonge. Alipata alama zote, kisha akaniuliza kama nami nalala ndani ya neti kule mjini. Nikakohoa.

Makala haya yametokana na kikohozi hicho. Kila mradi mpya wa afya unaoingia vijijini huku huanza na neno moja, hamasisho: mabango, fulana, nyimbo, kipaza sauti juu ya pikapu siku ya soko. Dhana iliyo chini yake ni kwamba watu hawajui, na wakishajua watafanya. Lakini magharibi mwa Kenya ni mahali ambapo watafiti wamepita mlango kwa mlango tangu miaka ya 1990, hadi kuna akina mama walioyakariri maswali yao, na walichokikuta mara kwa mara hakiungi mkono dhana hiyo. Kinachomtenganisha mkulima na kinga mara nyingi ni kitu kidogo ambacho mabango hayakitaji.

Neti ya jirani

Tuanze na malaria kwa sababu ndiyo mzigo mkubwa wa ukanda wa ziwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwenye damu ya asilimia 19 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 katika ukanda huu, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Miaka mitano nyuma, 2015, huku ziwani ilikuwa asilimia 27. Kwa hiyo mambo yanapungua, ila bado mtoto wa Kisumu, Siaya, Busia au Homa Bay yuko katika dunia nyingine akilinganishwa na mwenzake wa Nyeri.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni namna neti inavyofanya kazi. Wengi huichukulia kama pazia: mbu yuko nje, mimi niko ndani, basi. Kumbe neti yenye dawa ni mtego pia. Mbu jike akimnyonya mtu mwenye vimelea, haambukizi papo hapo. Vimelea vinahitaji kukua ndani ya mwili wake kwa siku kumi hivi au zaidi kabla hajaweza kumpa mtu mwingine. Katika siku hizo atatafuta damu tena na tena ili atage mayai, na kila akikaribia kitanda chenye neti ya dawa anaweza kufa. Kijiji chenye neti nyingi kinakuwa na mbu wachache wanaofikia umri wa kuambukiza.

Hili lilionekana wazi Asembo na Gem, huko Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990. Vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, vingine vikapewa neti za dawa na vingine vikasubiri. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban asilimia 16 kwenye vijiji vyenye neti. Lakini kilichowashangaza wengi ni upande wa pili: nyumba zisizo na neti, zilizokuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka vijiji vyenye neti, nazo zilinufaika. Mtoto asiye na neti alikuwa analindwa na neti ya jirani.

Ukilielewa hilo, ile neti iliyo juu ya kabati la dani inabadilika sura. Wavulana wa simba ni wakubwa kiasi, wameshaumwa na malaria mara nyingi, miili yao imejifunza kuishi nayo. Hawalazwi hospitalini. Wanaenda shule, wanacheza mpira, na huku damu yao ina vimelea. Watoto wa umri wa kwenda shule ndio kundi linaloongoza kwa kubeba vimelea na ndilo linalolala ndani ya neti kwa uchache zaidi. Mbu anayetoka simba akiwa ameshiba anaruka hatua ishirini hadi nyumba kubwa, alikolala mtoto wa miaka mitatu.

Halafu kuna saa ambazo neti haimfuati mtu. Matanga, kwa mfano. Huku kwetu mazishi hayana haraka, watu hukesha uani usiku kucha, moto ukiwaka na ngoma zikilia, na mbu nao wanahudhuria bila mwaliko. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hutoka na taa zao usiku. Na mpunga unapokaribia kukomaa, dani huwa shambani kabla ya mapambazuko kuwinga ndege, kwa sababu ndege wakitangulia wao, mavuno ni yao. Baadhi ya mbu wa malaria huendelea kuuma hata kukishapambazuka. Ushauri wa "lala ndani ya neti kila usiku" ni mzuri kwa mtu ambaye usiku wake ni wa kulala.

Shilingi arobaini

Kwa muda mrefu wataalamu wa maendeleo waliamini kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mpe mtu neti bure ataitumia kuvulia samaki, muuzie hata kwa bei ya chini ataitunza. Hoja hiyo ina mvuto, maana inafanana na hekima ya wazee, na huko kando ya ziwa kweli zipo neti zilizoonekana zikianikia omena.

Mwaka 2006 na 2007 watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu hoja hiyo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine kwa bei ndogo zilizotofautiana, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40. Sasa fikiria shilingi arobaini ya wakati ule: ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama halisi ya neti, ruzuku ilikuwa imeshabeba karibu asilimia 90. Hata hivyo, bei ilipotoka sifuri hadi shilingi 40, idadi ya wanawake waliochukua neti iliporomoka kwa pointi 60 za asilimia. Na walipotembelewa nyumbani, waliolipa hawakuwa wakizitumia zaidi ya waliopewa bure. Bei haikuwachuja wazembe ikawaacha makini, iliwachuja tu wasiokuwa na shilingi 40 siku ile.

Dupas aliendelea baadaye na kukuta kwamba waliowahi kupata neti kwa ruzuku kubwa walikuwa tayari zaidi, si kidogo, kuinunua mara ya pili, kwa sababu walikuwa wameshalala ndani yake na kuona tofauti.

Habari ya minyoo ya Busia inafanana na hii, na binafsi naiona inaumiza zaidi. Kati ya 1998 na 2001 Michael Kremer, aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi kule Budalangi na Funyula. Dawa za minyoo zilipotolewa shuleni, utoro ulipungua kwa robo, na kama ilivyokuwa kwa neti, hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua ardhini. Baadaye wazazi wa baadhi ya shule waliombwa kuchangia fedha kidogo, na waliomeza dawa wakashuka kutoka asilimia 75 hadi 18.

Sehemu inayoumiza ni hii. Mradi ule ulikuwa pia na mafunzo: walimu walifundishwa, watoto wakaelezwa kuhusu kunawa mikono, kuvaa viatu, kutoingia ziwani kiholela. Wapimaji walipokwenda kukagua usafi wa mikono, viatu miguuni na wanaoingia majini, hawakuona tofauti kati ya shule zilizofundishwa na zisizofundishwa. Mtoto hakukosa viatu kwa sababu hakuwa amesikia somo la viatu.

Fedha huja na mavuno, hutoka na Januari

Mtu wa mshahara hupata fedha kila mwisho wa mwezi, hivyo kumwambia anunue sabuni, dawa ya maji au matibabu ya kinga kila mwezi ni jambo la kawaida. Mkulima wa mahindi wa Bungoma ana kalenda tofauti. Machi anapanda, na fedha yote imeingia kwenye mbegu na mbolea. Mei na Juni ghala limekauka, ndio wakati wa kununua unga wa kupimwa kwa gorogoro, yaani kwa mkebe, na ndio wakati mvua ya masika imejaza madimbwi na malaria imepamba moto. Fedha huonekana baada ya mavuno, kuanzia Agosti hivi, kisha Januari karo inazoa kilichobaki. Ugonjwa unafika siku ambazo mfuko ni mtupu kuliko siku zote.

Kuna kingine ambacho hakiandikwi kwenye vitabu vya afya: fedha iliyo wazi huku ni fedha ya kila mtu. Shemeji amekwama, mtoto wa dada amefukuzwa shule, jirani ana maiti mochari. Huwezi kusema huna ilhali unayo, na ukisema "nimeweka ya kununulia neti" utaonekana mchoyo, kwa sababu neti inaweza kusubiri na maiti haiwezi.

Ndiyo maana napenda jaribio moja la Pascaline Dupas na Jonathan Robinson. Waliingia kwenye vyama 113 vya merry-go-round, yaani vya kuchangiana fedha kwa zamu, magharibi mwa Kenya na kuwapa wanachama njia mbalimbali za kuweka akiba kwa ajili ya afya. Njia moja ilikuwa sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ukabaki kwa mwenyewe. Hakuna riba, hakuna benki, hakuna masharti. Sanduku tu. Matumizi ya watu kwa vitu vya kinga, kama neti na dawa ya maji, yaliongezeka kwa takriban theluthi mbili. Njia nyingine ilikuwa kuongeza mfuko wa pili ndani ya chama: kila mkutano, pamoja na mchango wa kawaida, unatoa kidogo cha afya, na zamu yako ikifika unapokea fedha hiyo, na kila mtu anajua ni ya nini. Hapo matumizi ya kinga yalizidi mara mbili.

Sanduku lilifanya nini ambacho mfuko wa suruali haukuweza? Wengi waliohojiwa walisema lilirahisisha kukataa. Fedha iliyomo sandukuni ilikuwa imepata jina. Shemeji akija unamwambia kwa moyo mweupe, "Hiyo ni ya neti." Kwenye chama ni rahisi zaidi, maana wenzako wote ni mashahidi na ukirudi bila neti watakuuliza. Kwa maoni yangu, chama cha akina mama kumi na tano chini ya mwembe kina nguvu ya afya kuliko semina nyingi za hoteli nilizowahi kuhudhuria, na chakula cha semina nakijua.

Klorini pale pale unapoteka

Maji yana kisa chake. Huko Busia, chemchemi zilizojengewa saruji na bomba zilipunguza uchafu wa kinyesi kwenye chanzo kwa theluthi mbili, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Ni mafanikio, lakini maji huchafuka tena njiani na ndani ya mtungi, kwa kikombe kinachozamishwa na vidole vyake. Dawa ya kusafisha maji nyumbani iliuzwa madukani kwa bei nafuu, watu waliijua, wimbo wake wa redio walikuwa wakiuimba, na bado wanaoitumia hawakufika mmoja kati ya kumi.

Kisha likajaribiwa jambo dogo. Tangi la klorini lenye bomba liliwekwa pale pale kisimani, bure. Unafika na mtungi wako wa lita 20, unazungusha mara moja kipimo kinadondoka, unajaza maji, na kufikia unapofika nyumbani dawa imeshachanganyika na iko karibu kumaliza kazi. Zaidi ya nusu ya nyumba zikaanza kutumia.

Ukiangalia vizuri, bei ni sehemu tu ya maelezo. Dawa ya dukani inahitaji ukumbuke kununua, ukumbuke kutia, upime, usubiri nusu saa huku mtoto analia kiu. Tangi la kisimani linakukumbusha lenyewe, tena kwa rangi yake, na mbele ya watu. Anayeruka bila kuzungusha anaonekana. Yupo pia jirani wa kukuambia, "Mama, umesahau." Na ladha ile ya klorini, ambayo wengi waliichukia, inavumilika kwa haraka zaidi ikiwa maji ya kila nyumba utakayokaribishwa yana ladha hiyo hiyo.

Lakini nisikupambie. Utafiti mkubwa ulioanza 2012 huko Bungoma, Kakamega na Vihiga, ukiwa na wajawazito zaidi ya 8,000, uligawa klorini, vyoo bora na vibuyu chirizi vya kunawia mikono, kila kijiji na kundi lake. Baada ya miaka miwili watoto wa nyumba hizo walikuwa wakihara sawa na wengine. Bangladesh, ambako utafiti pacha ulifanyika, kuhara kulipungua, ila kule wahamasishaji walikuwa wanapita nyumbani mara nyingi zaidi kwa mwezi. Huku kwetu, mwaka wa kwanza vibuyu vilikuwa na sabuni, mwaka wa pili sabuni ilikuwa imetoweka kwenye vituo vingi. Na uani kuku, mbuzi na ng'ombe waliendelea kuacha kinyesi pale pale mtoto anapotambaa, jambo ambalo choo bora cha binadamu hakiligusi.

Ushauri unaogongana na kazi

Kichocho nakipitia haraka. Mayai yake hutoka na kinyesi au mkojo, yakifika kwenye maji yanaanguliwa na vimelea vinaingia kwa konokono, na kutoka kwa konokono vimelea huogelea na kupenya ngozi ya mtu. Kinga kwa maneno ya bango: usiingie kwenye maji. Sasa mwambie hivyo mkulima wa mpunga wa Ahero, ambaye kupandikiza kwake ni kuinama siku nzima maji yakiwa magotini. Gambuti hujaa tope na kung'ang'ania. Kinachobaki ni dawa ya kila mwaka na choo karibu na mashamba, kwani anayeshikwa na haja katikati ya majaruba hatatembea kilomita moja kurudi bomani.

Upande wa mifugo ni mgumu zaidi, na hapa tupande hadi Nakuru. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaowapata pia watu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na milipuko mikubwa ya 1997 na 2006 ilifuata mvua za kupita kiasi. Kimeta nacho hakijaondoka: mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya mia katika hifadhi ya Ziwa Nakuru, na mbegu zake zinaweza kukaa kwenye udongo miongo mingi zikisubiri. Sheria ya kinga ni fupi. Mnyama akifa ghafla, hasa akitokwa damu puani au mkunduni, usimchune, usimpasue, usimle. Mzike kwa kina au mchome, na mwite daktari wa mifugo.

Mkulima anaisikia sheria hiyo hivi: ng'ombe wako, ambaye alikuwa karo ya mihula miwili, amekufa, sasa mzike na nyama yake. Kuna maboma ambako majirani hununua nyama ya mnyama aliyekufa kwa bei ya pole, ili mwenye hasara apate japo cha kuanzia. Ni wema wa kweli, na ndio unaosambaza kimeta. Kumwita daktari nako kuna gharama, maana ugonjwa ukithibitishwa karantini hufuata, soko la mifugo linafungwa, na kijiji kizima kinajua ni nani aliyepiga simu. Tunamwomba mtu mmoja alipe hasara ili wengine mia wasiugue, halafu tunashangaa akinyamaza. Chanjo ya kimeta ipo, na ng'ombe aliyechanjwa kabla ya mvua hamwingizi mwenyewe kwenye mtihani huo. Shilingi ya hamasisho ningependa itumike huko, kuleta chanjo karibu na josho au kituo cha maziwa, siku ambayo mkulima angekuwa hapo hata hivyo.

Siku na mahali ni mambo yanayodharauliwa sana. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilianza kutolewa nchini Septemba 2019, kuanzia Homa Bay. Ratiba ya mwanzo ilikuwa dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya miezi 9 iliangukia wakati wa chanjo ya surua, hivyo mama alikuwa anakuja kliniki kwa vyovyote. Ya miezi 24 ilisimama peke yake. Mtoto ameshaanza kukimbia, ana afya, mama ana mimba nyingine au anapalilia, na nauli ya boda boda ni ile ile ya mtoto mgonjwa. Si ajabu kwamba dozi hiyo ndiyo iliyorukwa zaidi. Hata hivyo, tathmini ya nchi tatu za majaribio, yaani Kenya, Ghana na Malawi, ilionyesha vifo vya watoto waliofikia umri wa chanjo vikipungua kwa asilimia 13. Ukizungumza na akina mama, wachache wanaipinga. Wengi walisahau tarehe.

Na hapo ndipo ninapowaona wahudumu wa afya ya jamii kwa jicho tofauti na la zamani. Septemba 2023 serikali iliwazindua upya, takriban 100,000 nchi nzima, na mikoba ya vifaa na ahadi ya posho, ingawa kuchelewa kwa posho ni wimbo unaoimbwa karibu kila kaunti. Tumezoea kuwahesabu kama midomo ya kupeleka ujumbe. Faida yao kubwa ni kwamba wanaijua nyumba: nani ana mtoto wa miezi 23, nani amefiwa na atakuwa na matanga Ijumaa, nani neti yake iko juu ya kabati.

Wa kijiji cha dani alikuja wiki mbili baadaye, dani mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwa simu. Hakuwa na bango. Alikuwa na kamba ya katani na fito mbili ndefu alizozikata njiani. Hakugusa ukuta. Alizisimika fito sakafuni kwenye pembe mbili za simba, akazifunga kamba hadi kwenye boriti ya paa iliyobaki nzima, na kuwaonyesha wavulana jinsi ya kuifunga neti kwa fundo asubuhi ili godoro likunjwe. Ilichukua muda wa chai moja.

"Wanailalia?" nikauliza.

"Mkubwa anasema ina joto. Mdogo analala humo." Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. "Sasa mwanangu, wewe unayeandika andika. Kile kibanda changu cha kuwingia ndege, pale majarubani, nacho kina nguzo nne nzuri. Kamba nimebakiwa nayo. Neti ya tatu naipata wapi?"